Mwaka Nilipowabebea Wakwe Maneno

Msibani kwa dada Minza, kule Buhongwa, nilikaa na kikombe cha chai mkononi nikasikiliza kifo cha mama yake kikisimuliwa, na kilisimuliwa vizuri mno. Msimuliaji alikuwa Shangazi Limi, dada wa shemeji yangu Masunga, mume wa Minza, mwanamke anayekaribia miaka themanini ambaye bado anaongea kama yuko machungani. Aliyeambiwa ni Neema, mke wa mtoto mkubwa wa marehemu Minza, muuguzi kwa kazi, aliyekuwa amesimama kwenye korido na beseni la maji ya moto. "Wewe nisikilize," Shangazi alimwambia. "Mama yake Minza alianguka bafuni, akavunjika nyonga, mvua inamnyeshea, na mkwe wake yupo nje, hatua tano tu. Unajua alisema nini? Alisema, bora nife kuliko mkwe wangu aniguse. Akalala pale pale mpaka wanawake walipokuja. Huyo ndiye mwanamke. Sasa wewe, wa juzi tu hapa, unataka kuingia chumbani kwa baba mkwe wako umshike mapaja? We! Rudisha beseni jikoni." Wanawake mkekani wakaitikia kwa miguno ya kukubali, na mmoja akasema wanawake wa namna ile hawazaliwi tena. Neema akarudisha beseni jikoni. Mimi nikanywa chai yangu, na naandika haya kwa sababu ya aibu ya ile chai.

Maana mama yake Minza hakusema maneno yale. Mle bafuni tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na najua alichosema. Tena shemeji Masunga alikuwa kule chumbani, hai, amelala chali. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia miaka miwili iliyopita, na muda wote huo Minza ndiye aliyemwogesha na kumgeuza, Neema akisimama nje ya mlango akimwelekeza: mama, mshike begani, mama, weka mto katikati ya magoti. Sasa Minza tumemzika. Wanaume walikuwa wakimgeuza asubuhi na jioni, wakikumbuka, na siku ya tatu ya msiba kidonda kikafunguka chini ya mgongo. Neema alikijua kwa harufu, akiwa korido. Alituambia waziwazi kwamba mgonjwa wa hivi anageuzwa kila baada ya saa mbili, na kwamba kidonda kile kikifika kwenye mfupa hatutakaa sana kabla ya kurudi kutandika mikeka. Shangazi akajibu kwamba atatafutwa mwanamume wa kumhudumia. "Atapatikana lini?" Neema aliuliza. "Atapatikana," Shangazi akasema, na hapo ndipo akaanza kumsimulia habari za mama yake Minza.

Nilikuwa na miaka kumi na minane nilipokwenda kukaa kwa dada Minza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nilitaka kujifunza kupiga chapa, kazi ambayo baadaye ilinilisha mpaka nikastaafu. Minza ni mtoto wa mama yangu mkubwa, na kwetu huyo ni dada, hakuna habari ya binamu. Yeye na Masunga walipanga nyumba mlimani, juu kabisa, katika ile milima ya mawe ya Mwanza ambako jiwe kubwa ndio ukuta wa nyuma wa nyumba yako na bati la jirani liko usawa wa miguu yako. Maji tulichota bombani kule chini na kupanda nayo ngazi za mawe, na mpaka leo nikiona mtu amefungua bomba jikoni akaliacha linamwagika, roho inaniuma. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule katikati. Sebule ilikuwa na viti vinne vya mbao alivyovitengeneza Masunga mwenyewe, maana alikuwa fundi wa mitumbwi kule mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, na kila kiti kilivaa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya bluu. Redio ilikaa juu ya kabati na yenyewe ilikuwa na kitambaa chake. Jiko lilikuwa uani, na bafu pia, limezungushiwa mabati, bila paa, sakafu yake ni jiwe lenyewe la mlima. Jioni ziwa lote lilikuwa letu kulitazama, hadi kule visiwani, na harufu ya dagaa wa kukaanga ilipanda kutoka nyumba za chini. Wakati ule sukari ilikuwa ya kutafutwa na sabuni vilevile, lakini nikisema nilikuwa na furaha nyumba ile, sidanganyi.

Mwezi wa pili wa kukaa kwangu, Mama mkubwa akaja kutoka kijijini kutibiwa presha. Daktari alitaka amwone kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo ikaonekana bora akae mjini. Hapo ndipo kazi ilipoanza, maana mkwe wa kiume na mama mkwe wake, kama vile baba mkwe na mke wa mwanawe, kwa desturi ya watu wetu, hawakutani. Hawaonani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja, hawatajani majina, hawaongei. Kijijini jambo hilo ni rahisi kabisa: ua ni mkubwa, njia ziko tatu, mkwe akitokea upande huu wewe unapitia upande ule. Mlimani, katika vyumba viwili na sebule, jamani, yalikuwa maajabu. Masunga akirudi kutoka kazini alikohoa akiwa bado ngazini, kisha anakohoa tena mlangoni, na Mama mkubwa anakusanya kanga zake anaingia chumba kidogo, chumba tulicholala yeye na mimi, anateremsha pazia. Akitaka kwenda uani, mimi natangulia sebuleni nasema, "Shemeji, njia," naye anainuka na kugeukia ukuta mpaka kanga zimepita. Shati lake halikuanikwa kamba moja na kanga za mama. Kiti alichokalia yeye, mama hakukikalia. Masunga alioga kabla ya alfajiri, mama akaoga mchana.

Na maneno yote nilibeba mimi. Minza alikuwa akiuza vitambaa sokoni kutwa nzima, na hata akiwepo alisema amechoka kuwa barabara ya watu wawili, sasa ni zamu ya mdogo wake. Basi mama anakaa nyuma ya pazia, Masunga kwenye kiti, kati yao hamna hatua tatu. Mama anasema, "Kabula, mwambie mwenye nyumba hawa samaki wa leo wametulia sana." Mimi namgeukia Masunga. "Shemeji, Mama mkubwa anasema samaki wametulia." Masunga, ambaye amesikia kila kitu, anaitikia kwa kichwa kama ndio kwanza anapata habari. "Mwambie mama wa ndani hawa ni wa Ukerewe, wameingia saa kumi." Naligeukia pazia. "Anasema ni wa Ukerewe." "Nikajua," anasema mama. Siku moja nilikuwa nimechoka na masomo nikasinzia kitini, na mama akauliza kama kesho kutakuwa na mafuta ya taa. Nilipoamka baada ya muda niliwakuta wote wawili kimya, mmoja anasubiri jibu na mwingine anasubiri swali. Masunga akaninong'oneza, "Shemeji, umeulizwa." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye alicheka, na nyuma ya pazia nikasikia mtu anajibana mbavu.

Walipendana wale watu, na hilo ndilo Shangazi Limi hawezi kulisimulia kwa kuwa hakuwepo. Masunga hakurudi mikono mitupu. Sato mnene kuliko wote alikuwa wa mama wa ndani, na kichwa cha sangara kilikuwa chake bila mjadala, maana alisema hajui kula samaki asiye na kichwa. Mama naye aliamka mapema kuchemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akayaponda na karanga, kisha nikapewa bakuli nipeleke sebuleni na maagizo kwamba lisirudi na kitu. Saa mbili usiku redio ilitangaza vifo na Masunga aliipandisha sauti ili mama asikie kama kuna mtu wa kwao. Ukipigwa muziki wa dansi aliuacha vilevile, na mama alikuwa anapiga mguu sakafuni taratibu, mle ndani, akidhani hatusikii. Masunga alikuwa mtu wa utani, na mimi shemeji yake alinitania bila huruma: kwamba nitaolewa na mzee wa mwaloni asiye na meno, kwamba hiyo chapa naipiga kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Mama mkubwa akisikia anasema, "Mwambie kuku huyo ndiye anayempikia." Nilifikisha.

Sasa niseme ubaya wangu, maana upo. Kazi ile ilinipanda kichwani. Nyumbani kwetu nilikuwa mtoto wa tano, hakuna aliyeniuliza jambo, na hapa watu wazima wawili hawawezi kuombana chumvi bila mimi. Nikawa mkali kuliko wenye desturi. Mama akicheka kwa sauti namkonyeza. Masunga akisahau kukohoa namsema mlangoni, "Shemeji, vipi, adabu imebaki mwaloni?" na yeye, mtu mwenye mabega kama mlango, anarudi ngazi mbili chini na kukohoa upya. Wageni wakija kutoka kijijini walinisifu. Walisema msichana wa mjini lakini ameshika mila, na mimi nilijiona nimekuwa mtu. Sikuwahi kuuliza desturi ile ni ya nini. Ungeniuliza ningesema ni heshima, na ungeniuliza heshima gani ningekuona mhuni.

Aliyeuliza ni jirani yetu, Mama Zuhura, mwanamke wa Kiislamu aliyekaanga vitumbua nyumba ya chini, ambaye kila alasiri alipanda na sahani yake kuongea na Mama mkubwa uani. Alikuwa mcheshi na alipenda kuuliza yasiyoulizwa. "Hivi nyie," alisema siku hiyo, "hii ya kukimbizana kama paka na panya haina mwisho? Hakuna namna ya kuifungua?" Nilikuwa naosha vyombo, nikakasirika kwa niaba ya ukoo mzima. Lakini Mama mkubwa alijibu bila wasiwasi wowote. "Inafunguliwa. Mkwe analeta kuku mweupe, mimi nampa maji ananawa, tunakula pamoja, basi imekwisha. Hata mama yangu alifunguliwa. Lakini mwenye kuanza ni yeye, mimi siwezi kumwomba." Wiki hiyo hiyo nilimsikia Masunga chumbani akimwambia mke wake kwamba yeye kuku angeshamnunua siku nyingi, angenunua hata kumi, amechoka kuangalia ukuta, ila ni mama ndiye mkubwa, mpaka yeye aonyeshe dalili, mtu asije akaonekana hana adabu. Maneno yote mawili niliyasikia kwa masikio yangu. Sikuyabeba. Nilijiambia sikutumwa, na ukweli mwingine ni kwamba sikutaka yafike, maana yakifika mimi nabaki na kazi gani?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya masika, mchana. Minza alikuwa amekwenda Kisesa kwenye mazishi. Masunga alikuwa sebuleni anakaza mguu wa kiti, mimi nachambua mchele jikoni, na Mama mkubwa aliingia bafuni na ndoo yake. Nilisikia ndoo ikigonga jiwe, kisha sauti nzito, kisha mama akasema "Lo," taratibu, kama mtu aliyesahau kitu. Nilipoingia alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii, sabuni bado iko mkononi. Nilimfunika kanga. Nikamshika kwapani nikavuta, akapiga ukelele ambao sijausahau, nikamwachia. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, na mimi nilikuwa na mikono ya kupigia chapa. Masunga alikuwa ameshatoka, amesimama karibu na pipa la maji nje ya mabati, ametupa mgongo. "Kabula! Kuna nini?" "Mama mkubwa ameanguka! Ameumia mguu!" Matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga mabati.

Mama akanishika kifundo cha mkono. "Mwite Masunga," akasema. Nilidhani sikusikia vizuri, maana jina lile halijawahi kutoka kinywani mwake. "Mama mkubwa, ngoja kidogo," nikamwambia, "tutapata watu." "Mwambie Masunga aje anitoe hapa." Nilimtazama, yuko kanga moja imelowa, mapaja wazi, na nikawaza, huyu amepagawa na maumivu, akipona atanilaani kwamba nilimwachia mkwe amwone hivi. Niliwaza hayo kwa sekunde mbili tatu na nilijiona mwenye busara kabisa. Mvua ikaja yote kwa mara moja. Mara ya tatu mama hakuniambia mimi. Aliinua kichwa akaita mwenyewe, "Masunga!" Na mimi nikapaza sauti juu ya sauti yake, "Shemeji, anasema kamwite Mama Zuhura! Lete wanawake!" Nikasikia hatua zake zikishuka ngazi mbio.

Mama Zuhura hakuwepo, alikuwa harusini Buzuruga. Wanawake wa mlimani wengi walikuwa sokoni au kwenye mazishi yale yale ya Kisesa. Masunga alikwenda nyumba hadi nyumba katika mvua, akirudi mara kwa mara hadi penye pipa kuuliza kwa mgongo, "Bado yupo?" na mimi najibu bado yupo. Maji ya mlimani hayana pengine pa kupita, yalipita bafuni, chini yake, ya baridi, yenye tope. Nilikaa nimempakata kichwa na kumkinga kwa beseni. Meno yake yaligongana mpaka yakaacha. Hakuita tena. Ilipita saa moja na nusu hivi kabla Masunga hajaleta wanawake wanne, wawili kati yao wazee. Tulimlaza kwenye mlango alioung'oa Masunga kwenye bawaba kwa mikono yake, tukashuka ngazi zile zenye utelezi, wanawake watano tunayumba, na yeye, aliyebeba mbao za mitumbwi begani tangu ujana wake, alitembea mbele yetu bila kugeuka, akituambia wapi jiwe limelegea. Chini alikuwa ameshapata gari.

Nyonga ilikuwa imevunjika, lakini hospitali walisema si nyonga iliyowatisha, ni kifua. Baridi ilikuwa imeingia mapafuni. Nilikaa naye siku nyingi kwa kuwa Minza alikuwa na biashara, na siku ya tano au ya sita akapata nafuu kidogo, akaniomba uji. Nikimnywesha aliniuliza, "Siku ile, ulimwambia?" Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema, nisamehe Mama mkubwa, niliogopa. Nilisema, "Nilimwambia. Alikataa. Alisema ni mwiko." Akasema "Sawa," na hakumaliza uji. Alifariki wiki iliyofuata. Masunga alikuwa akija kila jioni, anasimama kwenye bustani chini ya dirisha la wodi, anatuma samaki.

Matangani watu waliuliza ilikuwaje, ikabidi niwe na la kusema. Nikasema Mama mkubwa hakutaka mkwe amguse. Nilisema hivyo tu, kwa kifupi, nikiangalia chini. Waliobaki wakajaza wenyewe. Mmoja akaongeza kwamba alikataa kwa ukali, mwingine akaongeza "bora nife," na kwa miaka arobaini na ushee kila bibi harusi wa ukoo ule ameketishwa mkekani akapewa uongo wangu kama funzo. Mimi nilikuwa naalikwa harusini, nakula pilau, nasikia, nanyamaza. Nilijifariji kwamba marehemu amepata sifa na Masunga hajui kitu, mvua ilikuwa kubwa. Nilijifariji vizuri sana, na ningekufa na faraja hiyo kama Neema asingerudisha lile beseni jikoni.

Nilimaliza chai. Nikainuka, magoti yangu yanalia, nikaenda chumbani kwa shemeji bila kumwomba mtu ruhusa, maana mimi kwake ni mtani, siko chini ya sheria hizo. Shangazi Limi akanifuata akidhani nakwenda kutoa pole, na nyuma yake wakaja wengine, wakajaa mlangoni. Masunga alikuwa amelala chali vilevile walivyomwacha asubuhi. Yale mabega yamekwisha, lakini macho ni yale yale. "Shemeji kuku," alisema, kwa ule mdomo wake wa nusu, na nikakaribia kushindwa. Nikakaa kitandani. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote, "Shemeji, mama yake Minza hakukukataa. Alikuita. Alikuita kwa jina lako uje umtoe, na mimi sikukwambia. Halafu hospitali nikamwambia wewe ndiye uliyekataa. Amekufa akijua hivyo. Hayo mengine wanayosimulia nimeyaanzisha mimi." Shangazi akasema, "Kabula, umechanganyikiwa na msiba." Nikamwambia sijawahi kuwa na akili timamu kama leo.

Masunga aliangalia dari. Nilidhani hakunielewa, nikataka kurudia. Kisha machozi yakamtoka, yakashuka pembeni kuingia masikioni kwa kuwa hakuweza kuyafuta, na mimi sikuthubutu kumfutia.

"Nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini, shemeji?"

"Jina langu. Mara zote tatu." Alipumua. "Nikasubiri wewe uniambie. Nilisema, Kabula akiniambia nakwenda. Nilisubiri, nikasubiri. Uliposema Mama Zuhura, nilifurahi, Kabula. Mungu anajua. Nilifurahi kwamba sitalazimika."

Tulilia wote wawili, kwa sauti, wazee tuliokuwa tumefichana jambo moja miaka yote hiyo na kila mmoja akidhani ni lake peke yake. Ningependa kusema Shangazi Limi alilainika. Hakulainika. Alisema mambo ya zamani yaachwe huko huko, na kwamba hata kama ni hivyo, mila ni mila, na yule mwanamume wa kumhudumia mgonjwa atapatikana tu, waulizwe watu wa Usagara. Nilifungua mdomo nimjibu, na kwa kweli nilikuwa na mengi ya kumjibu, lakini nyuma ya mlango watu walianza kusogea na kupishana, wengine wanasukumwa. Alikuwa Neema, na beseni. Hakunitazama mimi wala hakumtazama Shangazi, na hakumtuma mtu kusema neno. Aliliweka beseni sakafuni, akakunja mikono ya gauni lake la msiba, akapiga goti kitandani na kumwinamia mzee mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Baba, shikamoo. Nakugeuza kuelekea ukutani. Itauma."

"Marahaba, mama," Masunga akasema. "Geuza."

"Basi shika shingo yangu. Kwa huu mkono mzima. Kaza."